Radhe Shyam: Kiganja kidogo, picha kubwa

Shangazi alikuwa amejilaza kwenye kochi, khanga begani, akitazama kwa jicho moja huku la pili likisinzia, hadi alipotokea mama wa steringi. Akakaa kitako. "Huyu si Suman? Yule wa njiwa!" Ndiye. Bhagyashree, binti wa filamu ya Kihindi Maine Pyar Kiya ya mwaka 1989, ambaye kwa watu wa rika la shangazi hana jina jingine zaidi ya lile la kwenye filamu. Basi akangoja aone Suman amepewa nini cha kufanya. Akangoja sana. Muda ulipopita aliniuliza, macho bado kwenye skrini, "Mwanangu, mbona hawa hawamwachi mtu akaongea?"

Nimesoma tahakiki nyingi za filamu hiyo, Radhe Shyam, tangu siku hiyo, na swali la shangazi bado ndilo ninalolirudia.

Filamu hii ilitoka tarehe 11 Machi 2022. Ni ya Kitelugu, lugha ya majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana kusini mwa India, na tasnia yake ina makao Hyderabad, si Mumbai. Nalitaja hili kwa sababu huku kwetu kila kinachoimba na kulia ni "picha la Kihindi", na tumewatazama Watelugu miaka mingi bila kuwaita kwa jina lao. Mwongozaji ni Radha Krishna Kumar, aliyekuwa na filamu moja tu nyuma yake, Jil ya 2015. Steringi ni Prabhas, ambaye filamu zote mbili za Baahubali, ya 2015 na ya 2017, zilimtoa kwenye umaarufu wa nyumbani zikamfanya ajulikane India nzima na ng'ambo. Mwanamke ni Pooja Hegde. Makadirio ya gharama yaliyochapishwa India yalianzia rupia bilioni 3 kwenda juu, kiasi cha dola milioni 40 kwa viwango vya wakati ule. Hizo ni fedha za filamu ya vita, yenye majeshi na ngome zinazobomoka. Hapa zilitumika kwenye hadithi ya watu wawili wanaopendana.

Nitaisimulia yote, na mwisho wake nitausema. Asiyependa kusimuliwa akaitazame kwanza, kisha arudi.

Mwaka ni 1976, mahali ni Italia. Vikramaditya ni msomaji wa viganja, na si wa kubahatisha. Alipokuwa India alikisoma kiganja cha Indira Gandhi, waziri mkuu wa nchi hiyo, akaiona Hali ya Hatari kabla haijatangazwa Juni 1975, na kwa kusema alichokiona ikambidi aihame nchi. Amekwisha kukisoma kiganja chake mwenyewe pia. Hakina mstari wa mapenzi. Kwa hiyo anawachukulia wanawake kama abiria wa kituo kimoja: mnacheka, mnashuka, hakuna anayemdai mwenzake. Halafu anakutana na Prerana, ambaye ni daktari na ni mgonjwa. Madaktari wenzake wamempa miezi tu ya kuishi. Vikramaditya anakishika kiganja chake na kusema kinyume kabisa: huyu ataishi, tena ataishi sana. Na baadaye tunakuja kufahamu kwamba mwenye maisha mafupi ni yeye msomaji.

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ilipo hazina ya filamu nzima.

Kama kiganja hakidanganyi, Prerana atapona na Vikramaditya atakufa. Kama kiganja kinadanganya, Vikramaditya ana nafasi ya kuishi, lakini basi madaktari ndio wakweli, na Prerana anakwenda. Hakuna jibu linalowaokoa wote wawili. Mwanamke akimwombea mpenzi wake uhai, anaomba utabiri uwe uongo, yaani anajiombea kifo. Mwanamume akimwombea mpenzi wake uhai, anaomba elimu yake iwe kweli, yaani anajichimbia kaburi. Kila mmoja imani yake inamuua yeye na kumponya mwenzake. Nimetazama filamu za mapenzi tangu enzi za kukodi kanda za video, na sikumbuki kukutana na fundo lililofungwa vizuri namna hii. Mwandishi aliyelifikiria alistahili muda, chumba kimoja, meza, na watu wawili wa kulifungua taratibu mbele yetu.

Filamu inaligusa, kisha inaondoka. Inaondoka kwa mlango ilioutengeneza mapema: mwalimu wa Vikramaditya, Paramahamsa, anafundisha kwamba elimu ya viganja ni kweli kwa asilimia 99, na asilimia moja iliyobaki ni ya watu wanaojiandikia majaaliwa yao wenyewe. Ukishasikia hivyo umekwisha kujua. Steringi yumo kwenye ile asilimia moja. Ni nani asiyejua? Kila mtoto aliyelipa kiingilio akajibanza kwenye benchi la kibanda umiza anajua kwamba steringi hafi. Akipigwa risasi atainuka, akitupwa mtoni ataibuka na nguo zimemkauka. Kanuni hiyo haina ubaya wowote kwenye filamu ya ngumi, kwa sababu pale tunalipia kuona atashindaje. Lakini filamu inayojengwa juu ya swali la kama fulani atakufa au hatakufa inahitaji tuwe na hofu ya kweli, na hofu haiwezi kukaa pamoja na ile asilimia moja. Wangeweza kuitumia kama tumaini dogo linalochelewa kuja. Badala yake wameiweka mapema kama dhamana ya benki.

Sisemi haya kwa kudharau mada ya utabiri. Ukanda wetu huu hauhitaji kufundishwa uzito wa mtu kuambiwa kesho yake. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu, alisomwa na kusikilizwa Tanzania nzima, na hata waliosema hawamwamini walitaka kujua amesema nini. Shangazi mwenyewe hukwambia liandikwalo ndilo liwalo, halafu saa mbili usiku anainuka kwenda kumeza dawa yake ya presha, na wala haoni mgongano. Mambo hayo mawili yanaishi ndani ya mtu mmoja, na mtu huyo ni wa kuvutia mno. Radhe Shyam inao daktari na msomaji wa viganja, wanapendana, mmoja amesomea mwili na mwingine amesomea mistari ya mkono. Nilikuwa na hamu ya kuwasikia wakibishana usiku kucha. Nilitaka nimsikie Prerana, ambaye amewahi kuwaambia wagonjwa wengine habari mbaya, akieleza inakuwaje kuwa upande wa pili wa meza ile. Hospitalini madaktari wanaupima uwezo wa Vikramaditya, na yeye anashinda kila mara. Wakati wote tunaambiwa kwamba ana ujuzi. Kwamba ujuzi huo unamtisha mwenyewe, hilo tunaachiwa tujikisie.

Sasa niseme yaliyo mazuri, na ni mengi kuliko walivyoandika wengi wiki ile ya kwanza.

Mpigapicha ni Manoj Paramahamsa, na kazi yake ni ya mtu anayeipenda nuru. Mwanga wa asubuhi unaingia kwenye mabehewa kana kwamba una uzito, na mvua, theluji na taa za mitaani kila kimoja kina rangi yake. Ravinder Reddy, aliyesimamia ubunifu wa mandhari, alifanya jambo ambalo mtazamaji halioni mpaka aambiwe. Filamu ilianza kupigwa mwaka 2018. Machi 2020 kikosi kilikuwa Georgia wakati ugonjwa wa korona unaifunga dunia, na baada ya hapo sehemu kubwa ya ile Italia ya miaka ya 1970 ikajengwa upya Hyderabad. Ukitazama, hujui wapi ni Ulaya yenyewe na wapi ni mbao na rangi ya mafundi wa Kitelugu. Mafundi wale walifanya kazi kubwa, na filamu kutofanikiwa sokoni hakuwapunguzii kitu.

Halafu kuna treni. Prerana tunamwona akiwa ananing'inia nje ya mlango wa behewa, mwili karibu wote uko hewani, upepo unamchapa usoni, naye ana furaha ya mtoto aliyepanda mwembe ambao amekatazwa kuupanda. Vikramaditya anamwona. Baadaye wanakuwa wawili mlangoni pale, mmoja amemshikilia mwenzake, chini reli zinakimbia. Hakuna anayetoa hotuba. Mwanamke aliyeambiwa hana siku anachezea ukingo wa siku zake, na mwanamume anayejua mwisho wa kila mtu anasahau, kwa dakika moja, kuutafuta mwisho wa huyu. Mikono inashikana kwa sababu ikiachiana mtu anaanguka. Kwangu mimi hapo ndipo filamu nzima ilipo. Mkono ule ulioshika mkono mwingine unasema zaidi kuliko mistari yote iliyochorwa humo ndani, na haukuhitaji rupia bilioni.

Treni inarudi tena baadaye, safari hii kwa hofu. Vikramaditya anatambua kutoka kwenye viganja vya abiria kwamba kifo kimoja kimeandikwa mikononi mwa watu wengi wasiojuana, na anakimbia kutafuta kuizuia treni. Kipande hicho nacho kimekaa vizuri. Ni mara chache ambapo ujuzi wake unageuka kuwa mzigo machoni petu: anajua, na kujua hakumsaidii kitu. Nilidhani kuanzia hapo filamu itakuwa nyingine. Ningependa iwe nyingine.

Udhaifu mkubwa, ule ambao shangazi aliuona akiwa amejilaza, ni mazungumzo. Tulikuwa tunaitazama kwa Kitelugu, maandishi ya Kiingereza chini, na mimi ndiye niliyekuwa mfasiri wake. Kazi ya kufasiri kwa mdomo inafundisha, kwa sababu huwezi kufasiri kila neno, inabidi uchague lipi la lazima. Nikaona kwamba naruka sentensi nne tano mfululizo na shangazi hapotezi chochote. Sentensi zenyewe zilikuwa na sura ya methali: majaaliwa ni hivi, mapenzi ni vile, mkono ni huu na moyo ni ule. Vikramaditya na Prerana wanasema maneno hayo wakiwa wanatazamana, ila yanasemwa kwetu. Hakuna anayeuliza, "Umekula?" Hakuna anayekasirikia jambo dogo. Watu wanaopendana huku nje wanajuana kwa vitu vidogo: huyu anapenda chai ya rangi, yule akikasirika anasugua masufuria. Hadi mwisho sikujua hata kitu kimoja cha namna hiyo kuhusu hawa wawili. Nilijua tu kwamba ni wazuri na kwamba wanakufa.

Na hapo ndipo watu wanaposema Prabhas na Pooja Hegde hawaivi chungu kimoja. Nakubali kwamba hawaivi, ila lawama siwabebeshi wao peke yao. Chungu chenyewe hakikuwekewa moto. Pooja Hegde anajitahidi. Kwenye treni, na kila anapopewa nafasi ya kuwa mtundu, anaipa filamu pumzi. Akirudi kitandani kuugua anageuzwa kuwa pambo. Hospitali inafanana na hoteli, kitanda hakikunjamani, ugonjwa unakuja kama mabadiliko ya mwanga. Mtu aliyewahi kulala chini ya kitanda cha mgonjwa wodini anajua harufu ya mahali pale, anajua namna jamaa wanavyozungumza kwa sauti ya chini kuhusu fedha. Hakuna hata kimoja humo.

Prabhas ni suala jingine. Ni mwigizaji ninayempenda. Kwenye Baahubali analibeba jiwe la mungu Shiva begani na unaamini, kwa sababu uzito unamfaa: mabega, ukimya, mwendo wa mtu asiye na haraka. Vikramaditya anahitaji kinyume chake. Ni mcheshi, mwongo wa mapenzi, mtu anayeingia chumbani na kila mwanamke akageuka, kisha chini ya ucheshi huo kuna woga. Ni uigizaji wa vidole na macho. Prabhas anausema utani kwa sauti ileile ya kuapa kiapo, na mwongozaji hakumwambia apunguze. Nadhani aliogopa. Mwongozaji wa filamu ya pili mbele ya nyota mwenye mashabiki wanaomwaga maziwa kwenye mabango yake siku ya kwanza ya maonyesho hana nguvu ya kusema, "Ndugu, tuirudie, umeifanya kubwa mno."

Sababu ya woga huo ni biashara. Baada ya Baahubali, kila filamu ya Prabhas ilitakiwa iuzwe India nzima kwa pamoja. Radhe Shyam ilipigwa kwa Kitelugu na Kihindi sambamba, kisha ikaingizwa sauti za lugha nyingine za kusini. Kila lugha ikapewa msimulizi wake: Kitelugu S. S. Rajamouli, mwongozaji wa Baahubali, Kihindi Amitabh Bachchan. Hata nyimbo ni tofauti. Toleo la Kitelugu lina muziki wa Justin Prabhakaran, na Nagumomu Thaarale aliyoiimba Sid Sriram ni wimbo ambao ningeusikiliza hata bila filamu. Toleo la Kihindi lilipewa watunzi wengine kabisa, akiwemo Mithoon, na Arijit Singh akaimba. Muziki wa chinichini wa matoleo ya kusini ukatungwa na Thaman S, aliyeitwa mwishoni, naye amefanya kazi nzuri: mara kadhaa ni muziki wake unaotuambia tuhisi nini pale ambapo wahusika hawajui. Hizi ni kama filamu mbili zinazovaa mwili mmoja.

Naona mantiki ya mfanyabiashara. Ukitaka kumpendeza Mtelugu, Mpunjabi na Mtamili kwa pigo moja, unaondoa kila kinachomhusu mmoja na kumtenga mwingine. Unaondoa kijiji, ndugu, chakula, utani wa mahali. Unawapeleka Italia, ambako hakuna kati yao aliye nyumbani, na Waitaliano wenyewe wanapita nyuma kama mapambo. Lakini filamu za mapenzi za Kitelugu ninazozipenda zinapata joto lake kwenye vitu hivyohivyo vilivyotolewa: nyumba yenye watu wengi, mama mwenye maneno, baba anayejifanya hasikii, rafiki asiyeweza kutunza siri. Bhagyashree amepewa umama usio na jiko wala ugomvi. Ndiyo maana shangazi aliumia. Aliona mtu wa nyumbani amewekwa kwenye nyumba isiyo na kitu.

Mwisho wake unathibitisha woga huo. Adui wa hadithi ni majaaliwa, na majaaliwa hayaonekani. Filamu ilipofika kwenye pambano la mwisho ikahitaji adui wa kupigwa, ikayageuza majaaliwa kuwa maji. Vikramaditya yuko melini, bahari inachafuka, meli inavunjika, na kwa dakika nyingi tunatazama mtu akipambana na mawimbi yaliyotengenezwa kwenye kompyuta. Mawimbi yenyewe yametengenezwa kwa ustadi. Ila nilikuwa najiuliza Prerana yuko wapi. Lile fundo la imani mbili zinazouana limeachwa nchi kavu. Kuogelea hakukuwa sehemu ya swali. Anatoka majini hai, anarudi kwa mwenzake, steringi hafi, na hakuna aliyechagua chochote.

Mtu atasema filamu iliponzwa na tarehe, na kuna ukweli. Ilikuwa itoke 14 Januari 2022, wakati wa sikukuu ya Sankranti, ambayo kwa filamu za Kitelugu ni kama Idi kwa wauza nguo. Wimbi la korona ya Omicron likaisogeza. Ilipotoka Machi, siku hiyohiyo ilitoka The Kashmir Files, ya gharama ndogo sana ukilinganisha, ikawachukua watazamaji wa Kihindi. Wiki mbili baadaye, 25 Machi, ikaja RRR, filamu ya Rajamouli, na kufagia kilichobaki. Aprili 1 Radhe Shyam ilikuwa tayari kwenye Amazon Prime, na fedha zilizotumika hazikurudi. Lakini tarehe haielezi kwa nini waliokwenda siku ya kwanza hawakurudi na wenzao siku ya tatu.

Mwaka uleule, tarehe 5 Agosti, Watelugu walitoa filamu nyingine ya mapenzi, Sita Ramam, ya mwongozaji Hanu Raghavapudi, kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Nayo ni ya zamani, miaka ya 1960, nayo ina mandhari ya kupendeza, Kashmir. Luteni Ram ni yatima. Redio inawaomba wasikilizaji wamwandikie barua askari asiye na mtu, na barua zinaanza kumiminika kutoka kwa watu wasiomjua wanaomwita mwanangu, kaka yangu. Kati yake kuna moja iliyosainiwa na Sita Mahalakshmi, anayejiita mkewe. Haina anwani. Filamu inaishikilia ile bahasha kuanzia hapo hadi mwisho, na miaka 20 baadaye binti mmoja anapewa kazi ya kuifikisha barua ya Ram isiyowahi kufika. Dulquer Salmaan na Mrunal Thakur wanaiva, kwa sababu kabla hawajakutana tumekwisha kuwasoma mwandiko.

Na Ram amekufa. Barua inafika, mwenyewe hayupo. Steringi alikufa, watu wakalia kwenye kumbi, wakaenda kuwaita ndugu zao waje nao walie, na filamu ikalipa.

Siwezi kuacha kuvilinganisha vitu hivi viwili, barua na kiganja. Vyote ni vidogo, vinaenea mkononi, vyote vina maandishi ambayo mmoja anayasoma na mwingine anayaogopa. Filamu ya gharama ndogo ilikaa karibu na barua yake, ikatuonyesha karatasi, wino, mtu akiikunja. Filamu ya bilioni 3 ilikuwa na kiganja, na nilichokiona zaidi ni anga. Kamera inapanda juu ya milima, inapita juu ya madaraja, inashuka na theluji. Nilitamani itulie kwenye mkono wa Prerana, niuone ulivyo: kucha za daktari zilizokatwa fupi, ngozi iliyokauka kwa kunawa mara kwa mara, ule mstari mrefu anaosema Vikramaditya. Nilitaka nami niusome.

Kuna mtu mmoja humo anayeujua uzito wa mkono. Paramahamsa, yule mwalimu, ameigizwa na Krishnam Raju, baba yake mkubwa Prabhas na nyota wa Kitelugu tangu kabla Prabhas hajazaliwa. Ana nafasi chache, na anazungumza polepole kwa sauti ya mzee aliyekwisha kuchoka kuwa sahihi. Wanapokaa pamoja yeye na Prabhas, kitu kinatulia. Prabhas anaacha kuigiza ukubwa, anakuwa mtoto mbele ya mzee wake, anasikiliza. Krishnam Raju alifariki tarehe 11 Septemba 2022, miezi sita kamili tangu filamu itoke. Ilikuwa filamu yake ya mwisho. Ukiitazama leo ukijua hivyo, mazungumzo yao kuhusu siku zilizobaki yanasikika tofauti, na naamini hata Prabhas mwenyewe hawezi kuyatazama kwa urahisi.

Ilipokwisha nilitaka kuzima. Shangazi akanizuia. "Irudishe pale kwenye treni." Nikairudisha. Akaivuta khanga yake vizuri, akamtazama yule binti akining'inia mlangoni na upepo usoni, mara ya kwanza, akaniomba tena, mara ya pili. Safari hii hakunitaka nifasiri.